Ncha ya Pili ya Kamba

 

Ndugu wahitimu, vyeti vyenu nimeviona pale mezani. Lakini tangu nifike natazama viganja vyenu. Vina sugu zilezile mlizokuja nazo, maana hakuna aliyekuja hapa kufundishwa kulima. Mpunga wa Mpimbwe na mahindi ya Mpanda yalikuwa yakijaza magunia kabla ya kituo hiki cha mafunzo kuwaalika.

Mlikuja kujifunza kuinama. Msinicheke! Najua mkipalilia mnainama kutwa, ila macho yako kwenye jembe. Huku kwingine unainama mikono mitupu, unafunua majani machanga ya katikati, unatafuta kiwavi angali mdogo kama uzi. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wakianzia hapo jirani Rukwa, wengi wetu tulikimbilia dawa baada ya kuona majani yamechanika. Kumbe kiwavi mkubwa ameshazama ndani, kajizibia kwa kinyesi chake kama vumbi la msumeno. Dawa inaishia juu ya jani, na fedha imekwenda.

Ndiyo maana mlizungushwa shambani kwa zigizaga, vituo 5, mashina 10 kila kituo. Mwanzoni mliona aibu, mtu mzima kuhesabu mahindi. Naambiwa baadaye mkawa mnagombana nani kahesabu sawa. Ugomvi huo nimeupenda.

Na ile kamba ya mafundo ya kupandia mahindi: sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shina hadi shina, ekari moja karibu mashina 18,000. Mimi nilipanda kwa hatua miaka mingi. Msimu mmoja mke wangu akapanda nusu ya shamba kwa kamba, upande wake ukanishinda. Nikasingizia udongo.

Ghalani msisahau chupa ya kupimia unyevu. Punje na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisheni mahindi juani. Ila kukausha peke yake hakumzuii mdudu dumuzi, yule tunayemwita Scania, aliyeonekana nchini kwanza kwa majirani zetu wa Tabora. Mifuko isiyopitisha hewa mmeiona, ifungeni barabara.

Mvua za Novemba zitakuja, na jirani atakuja kuazima kamba. Mpe. Kisha nenda naye, ukashike ncha ya pili.