Kingamwili Zinazotangulia Kiu



Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapozigeukia seli za beta, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini ndani ya kongosho, ikaziua kidogo kidogo. Mzazi huona hatua za mwisho tu: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anarudia, anamaliza jagi la maji usiku, na kaptura iliyomtosha mwezi uliopita inampwaya. Uharibifu wenyewe huwa umeanza miezi au hata miaka mingi kabla ya kiu hiyo, na muda huo wa ukimya ndio watafiti wanaoutafuta.

Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachopimika mwilini ambacho kuwapo kwake huonyesha ugonjwa uliopo au unaokuja. Kwa kisukari hiki, vinavyoaminika zaidi ni kingamwili, yaani protini za ulinzi, ambazo badala ya kuwinda vijidudu zimelenga kongosho. Zilielezwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1974. Uchunguzi wa watoto wenye hatari ya kurithi nchini Finland, Ujerumani na Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliokutwa na aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, takriban 70 waliugua ndani ya miaka 10, ilhali wenye aina moja tu hawakufika 15.

Faida ya kujua mapema inaonekana wodini, kwa kuwa mtoto ambaye hali yake haikujulikana mara nyingi hufikishwa akihema kwa nguvu, damu imejaa asidi, na Afrika Mashariki dalili hizo huweza kudhaniwa kuwa malaria. Tena mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ya kwanza ya kuchelewesha ugonjwa huu, ambayo katika majaribio iliusogeza mbele kwa takriban miaka miwili. Na miaka miwili bila sindano za kila siku, kwa mtoto wa darasa la tatu, ni neema kubwa.

Hata hivyo, ubora wa vipimo hivi ulithibitishwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha watu 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini walioanza kuugua wakiwa wadogo au vijana, ulikuta kwamba takriban 65 kati ya kila 100 hawakuwa na kingamwili hizo, ingawa walikuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Basi kipimo kinachomtahadharisha mama wa Munich kinaweza kumwacha mama wa Mbarara akilala usingizi, kumbe mwanawe anaugua.

Ombi la mgeni rasmi anayefungua mkutano huu kwa wizara na vyuo vikuu ni kwamba watoto wa Afrika Mashariki wapimwe na kufuatiliwa kwa miaka, kwa ridhaa ya wazazi wao, na kwamba wakati majibu yakisubiriwa, zahanati isikose mashine ya kupimia sukari wala vijiti vyake.

Baada ya kusema hayo, mkutano huu unatangazwa kuwa umefunguliwa rasmi.