Kuendesha Programu Ndani ya Kurasa za Tovuti ya Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Nakuru)



Kikundi kinachouza viazi vya Molo au maziwa ya Njoro kinaweza kuwa na tovuti yake. Leo tuzungumzie jambo moja: kuifanya seva iendeshe programu ndani ya kurasa za kawaida. Mtasema, "Hiyo si kazi ya vijana wa kompyuta?" Ni kazi yao, lakini siri za kikundi ni zetu sote.

Seva ni kompyuta inayotunza kurasa na kumpa anayeziomba. Ukurasa wa kawaida jina lake huishia na .html, na seva huutoa vile ulivyo, kama barua iliyokwisha kuandikwa. Bei ya viazi ikibadilika, sharti mtu arekebishe ukurasa mmoja baada ya mwingine. Akisahau mmoja, mnunuzi anakuja na bei ya zamani, ugomvi unaanza.

Hapo PHP inasaidia. Lugha hii ilitolewa kwa umma mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Maagizo yake huandikwa ndani ya ukurasa, katikati ya alama <?php na ?>. Seva huyatekeleza kwanza, halafu humpa msomaji matokeo tu. Basi bei inaandikwa mahali pamoja, na kurasa zote zinaichukua hapo.

Kwa kawaida maagizo haya hutekelezwa katika faili zinazoishia na .php. Mbona basi tusibadilishe majina ya kurasa? Kwa sababu huenda anwani ya zamani mmekwisha kuichapisha kwenye risiti na kalenda. Mkiibadilisha hivi hivi, mnunuzi atakuta patupu.

Kama seva yenu ni Apache na PHP imo ndani yake, kijana wenu ataongeza mstari huu katika mipangilio:

AddHandler application/x-httpd-php .html

Kama PHP inaendeshwa kando kwa PHP-FPM, mstari huo hautoshi. Apache iagizwe kupeleka faili za .html huko, na katika mipangilio ya FPM, penye security.limit_extensions, .html iongezwe, la sivyo zitakataliwa. Mkiwa mmekodi nafasi kwenye seva ya mtu, mwenye seva aulizwe kwanza. Kabla ya kuiwasha upya, mipangilio ipimwe kwa amri ya apachectl configtest.

Sasa sikilizeni hatari zake.

Kwanza, mpango ukikosewa, seva haitekelezi maagizo bali huyatoa nje kama maandishi. Huenda msiyaone kwenye kioo, lakini anayefungua chanzo cha ukurasa atayasoma, hata neno la siri likiwa humo. Kwa hiyo maneno ya siri yawekwe nje ya folda ya tovuti. Jaribuni hivi: andikeni <?php echo 2+3; ?> katika ukurasa. Ikitokea 5, na chanzo hakionyeshi <?php, kazi ni nzuri.

Pili, kama tovuti inapokea faili kutoka kwa watu, mjanja anaweza kuleta ukurasa wenye maagizo yake, na seva ikamtii. PHP izimwe katika folda hiyo.

Tatu, kila ukurasa wa .html sasa utapitia PHP hata kama hauna agizo lolote, na seva itachoka bure. Afadhali ruhusa itolewe kwa folda au faili inayohitaji tu. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo hazigawiwi kila mtu, sivyo?

Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayeweka majina na namba za simu za watu azilinde.

Basi katika mkutano ujao, katibu aandike kwenye kumbukumbu: ni faili gani imeruhusiwa, nani anashika neno la siri, na nakala ya tovuti imewekwa wapi. Kijana akihamia Nairobi, kikundi kisibaki nje ya tovuti yake chenyewe.