Nambari ya Mchakato katika Skripti: Kuichukua Mapema na Kuihakiki



1. Utangulizi

Mada hii nimeiandaa kwa vijana wanaosimamia kompyuta za Linux katika saiba, maduka na shule hapa Timbwani na Likoni kwa jumla. Wengi wenu mnaandika skripti ndogo za Bash: moja inanakili faili za wateja usiku, nyingine inatunza kumbukumbu za mauzo. Kuianzisha skripti ni rahisi. Kazi huja unapotaka kujua kama bado inaendelea, au unapotaka kuisimamisha bila kugusa nyingine. Hapo ndipo nambari ya mchakato inapohitajika. Hoja yangu ni kwamba nambari hiyo ichukuliwe wakati ule ule mchakato unapoanzishwa, na baadaye isitumike bila kuhakikiwa.

2. Nambari yenyewe

Programu inapoanza kazi, kiini cha Linux huupa mchakato wake nambari. Nambari 1 ni ya mchakato wa kwanza baada ya mashine kuwaka. Katika mifumo mingi ya leo huo ni systemd. Inayofuata hupewa nambari za juu zaidi hadi kikomo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa 32768. Mashine za biti 64 zaweza kuwekewa hadi 4194304. Kikomo kikifikiwa, hesabu hurudi chini na kugawa nambari zilizoachwa wazi. Ni kama kadi za foleni hospitalini: kadi ya 40 leo ni yako, kesho ni ya mgonjwa mwingine. Daktari akitazama kadi bila kutazama uso, dawa itamwendea asiyeihitaji.

3. Njia za kuipata

Katika Bash, `$$` ni nambari ya sheli inayoendesha skripti, na `$PPID` ni ya mzazi wake. Ukiwa ndani ya sheli ndogo, yaani amri zilizofungwa kwa mabano, `$$` hubaki kuwa ya sheli mama. Ukitaka ya sheli ndogo yenyewe, tumia `$BASHPID`, iliyokuja na Bash 4.0 mwaka 2009.

Inayotufaa zaidi ni `$!`, nambari ya kazi ya mwisho uliyoipeleka nyuma:

`python3 nakili.py &`
`kazi=$!`

Ihifadhi papo hapo, kwa maana kazi nyingine ikipelekwa nyuma, `$!` hubadilika. Na amri zikiunganishwa kwa alama ya bomba, `$!` hutoa nambari ya amri ya mwisho kwenye mstari, si ya kwanza.

Perl nayo hutumia `$$`, PHP ina `getmypid()`, na Python ina `os.getpid()`. Ukianzisha programu kwa `subprocess.Popen`, nambari yake iko kwenye `.pid`; lakini ukiweka `shell=True`, huenda ukapata nambari ya sheli badala ya programu uliyoikusudia.

Wengi hupenda kutafuta kwa jina: `pgrep -f nakili.py`. Amri hii husoma mstari mzima wa amri wa kila mchakato. Mwenzako akiwa amefungua faili hiyo kwa nano ili airekebishe, naye ataingia kwenye orodha, na ukituma `kill` kwa wote utamfungia kihariri chake. `killall python3` ni mbaya zaidi, kwani hupiga kila kazi ya Python unayoruhusiwa kuigusa.

4. Stima ikipotea

Skripti nyingi huandika nambari yake kwenye faili ili skripti ya pili isianze juu ya ya kwanza. Sasa fikirieni stima ipotee ghafla, kama usiku wa 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipokuwa gizani. Skripti imekufa bila kufuta faili yake. Mashine ikiwaka tena, hesabu huanza upya kutoka 1, na nambari iliyoandikwa, tuseme 2147, huenda ikapewa programu nyingine kabisa. Skripti ikiuliza kwa `kill -0 2147`, amri ambayo haiui bali huuliza tu kama nambari ipo, itajibiwa kuwa ipo, na nakala ya usiku huo haitafanywa. Anayetuma `kill -9` bila kutazama ataangusha programu isiyohusika.

5. Mapendekezo

Kwanza, faili ya nambari iwekwe chini ya `/run`, sehemu inayokaa kwenye RAM na kufutika mashine inapozimika.

Pili, kabla ya kutuma ishara kwa `kill`, tazama mwenye nambari: `ps -o lstart,args -p 2147` huonyesha mchakato ulianza saa ngapi na kwa amri ipi.

Tatu, anza na `kill` ya kawaida, ishara ya 15, ili programu ipate nafasi ya kufunga faili zake. Ishara ya 9 haiipi nafasi hiyo.

Nne, kwa kuzuia skripti mbili kugongana, tumia `flock`. Kufuli yake hushikiliwa na kiini, nayo huachiliwa mchakato unaoishika na watoto wake walioirithi wanapokufa wote, hata kwa kukatika stima.

Tano, kazi ya kudumu ikabidhiwe systemd, inayoanzisha mchakato yenyewe na kujua nambari yake.

Katika zoezi la mchana, kila kikundi kiandike skripti yenye `flock`, kiiue kwa ishara ya 9, kisha kiianzishe tena. Ikikataa kuanza, tafuteni ni mtoto gani wa skripti aliyebaki hai akiwa bado ameishika kufuli.