Tuhuma Dhidi ya Mteule wa Ujaji: Upelelezi Kwanza, Kura Baadaye

Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali.



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchunguza tuhuma zinazotolewa dhidi ya mtu aliyependekezwa kuwa jaji. Huenda mtu akadhani kuwa hilo ni jambo la wanasheria peke yao. Sivyo. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya nidhamu ya shule au ya idara anaijua shida yake. Jina la mtu limeletwa ili apandishwe cheo, mara barua inaingia ikidai kwamba hafai. Tukiitupa barua, huenda tumemdhulumu aliyeiandika. Tukimnyima mtu cheo kwa sababu ya barua tu, huenda tumemdhulumu yeye.

Kwa jaji, shida hiyo ni kubwa zaidi. Nitatumia mfano wa Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limetokea mbele ya macho ya dunia nzima. Kwa mujibu wa katiba ya nchi hiyo, Rais hupendekeza majaji wa Mahakama ya Juu, na Seneti huwakubali au kuwakataa. Majaji hao ni 9, nao hukaa kazini maisha yao yote madhali wana mwenendo mwema. Ili kumwondoa mmoja wao, sharti Baraza la Wawakilishi limshitaki na theluthi mbili za Seneti zimtie hatiani. Katika historia yote ya mahakama hiyo, jaji mmoja tu, Samuel Chase, ndiye aliyeshitakiwa hivyo, mwaka 1804, na mwaka uliofuata akaachiwa. Ni dhahiri basi kwamba mahali pa kumkagua jaji ni mlangoni, kabla hajaingia.

Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimpendekeza Clarence Thomas. Profesa wa sheria, Anita Hill, aliyekuwa amefanya kazi chini yake, aliieleza kamati ya Seneti kuwa Thomas alikuwa akimsemesha maneno machafu ya kimapenzi kazini. Thomas alikana katakata. Wapelelezi wa FBI waliwahoji wote wawili, lakini wananchi hawakujua lolote mpaka habari zilipovuja mwezi Oktoba, kamati ikiwa imekwisha piga kura yake. Ndipo kikao kikafanywa kwa haraka, siku tatu, mbele ya televisheni. Mwanamke mwingine, Angela Wright, naye alikuwa na maelezo yake juu ya Thomas, lakini hakuitwa kusema mbele ya kamati. Maelezo yake yaliingizwa tu katika kumbukumbu. Thomas alipitishwa kwa kura 52 dhidi ya 48.

Miaka 27 baadaye, mwaka 2018, Rais Donald Trump alimpendekeza Brett Kavanaugh. Mwanasaikolojia Christine Blasey Ford alimwandikia seneta mmoja barua mwishoni mwa Julai, akaomba jina lake lisitajwe. Alidai kwamba Kavanaugh alimshambulia kwa nia ya kumdhalilisha walipokuwa wanafunzi wa sekondari. Kavanaugh naye alikana katakata. Septemba jambo likavuja, na wote wawili wakahojiwa hadharani siku moja. Seneta mmoja alipong'ang'ania, FBI walipewa wiki moja kuchunguza. Wakawahoji watu 10. Ford na Kavanaugh wenyewe hawakuwamo. Mwaka 2021 ilifahamika kwamba FBI walipokea taarifa zaidi ya 4,500 kutoka kwa watu mbalimbali, na zile zilizoonekana kuhusika zikapelekwa kwa wanasheria wa Ikulu, yaani ofisi ya yule yule aliyempendekeza mteule. Kavanaugh alipitishwa kwa kura 50 dhidi ya 48. Malalamiko 83 yaliyofunguliwa dhidi yake yakatupwa Desemba 2018, kwa sababu taratibu za nidhamu za majaji wengine hazimgusi jaji wa Mahakama ya Juu.

Ndugu zangu, sikuja hapa kusema nani alisema kweli. Siwezi kujua, na hilo ndilo jambo lenyewe: taratibu zile hazikumsaidia mtu yeyote kujua. Mlalamikaji aliondoka na aibu, mteule akaondoka na doa, na wananchi wakaondoka wamegawanyika vile vile walivyokuja. Wahenga walisema kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere, haki haipatikani. Anayetaka mteule apite, au anayetaka aanguke, hafai kuweka mipaka ya upelelezi.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Baada ya katiba ya mwaka 2010, iliundwa bodi ya kuwakagua majaji na mahakimu waliokuwa kazini. Wajumbe wake hawakuwa wabunge, na miongoni mwao walikuwamo majaji wa nchi nyingine, kama Albie Sachs wa Afrika Kusini. Jaji alielezwa malalamiko dhidi yake, akajibu, na bodi ikaandika sababu za uamuzi wake. Aprili 2012 majaji wanne wa Mahakama ya Rufani walionekana hawafai. Mtu aweza kuupinga uamuzi huo, lakini ana sababu zilizoandikwa za kupingana nazo.

Kwa maoni yangu, mambo manne hayana budi kuzingatiwa. Kwanza, pawepo mahali pa siri pa kupeleka malalamiko, ili mtu asilazimike kuchagua baina ya kunyamaza na kuanikwa katika televisheni. Pili, wapelelezi wasiwe chini ya amri ya anayeteua wala ya wanaopiga kura. Tatu, wahojiwe mlalamikaji, mteule, na kila shahidi wa maana aliyetajwa na upande wowote. Nne, taarifa iandikwe na isomwe na wapiga kura wote kabla ya kura. Na tuhuma isipothibitika, hilo nalo litangazwe waziwazi.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu utatumiwa kuchelewesha uteuzi kwa hila. Hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ni kuweka muda maalumu, uanze kuhesabiwa siku malalamiko yanapopokewa, wala pasiwe na mkubwa wa kuyakalia. Wengine watasema kuwa hii si kesi ya jinai. Ni kweli; hakuna mtu mwenye haki ya kuzaliwa nayo ya kuwa jaji. Lakini kila mtu ana haki ya jina lake.

Tunao usemi wa zamani: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Barazani usemi huo una utamu wake. Katika kamati ya uchunguzi ni sumu, kwa maana lisemwalo huenda lipo na huenda halipo. Kazi yetu ni kwenda kutazama, na kwenda mapema.