HADITHI ZA WAZEE NA SISI MAKARANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mara nyingi nimemsikia mtu wa kalamu akisema kwamba hadithi za wazee ni mambo ya watoto tu. Naomba ruhusa kulikataa neno hilo, na ushahidi wangu ni wa mahali pamoja, yaani Samunge, katika nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi.

Wazee wa huko husimulia habari za Khambageu, aliyezaliwa katika mguu wa baba yake uliovimba. Alikaa Tinaga, akafanya miujiza, kisha akahama. Alipokufa alizikwa, lakini kaburi lilipofunguliwa hakuonekana. Husemwa alipanda kwenda juani, na ya kuwa siku ya mwisho atawaokoa wenye alama ya kabila lake. Robert Gray, ambaye kitabu chake juu ya Wasonjo kilipigwa chapa mwaka 1963, alieleza pia jinsi walimavyo kwa maji ya mifereji, na wazee wa baraza ndio wagawao zamu. Watu wanaoshiriki mfereji mmoja hawana budi kujuana kuwa ni wamoja. Hadithi ile huwafundisha hayo.

Lakini neno la kinywa laweza kudhuru pia. Mwaka 2011 zilienea habari za mchungaji mstaafu wa Samunge, Ambilikile Mwasapile, aliyesema kwamba Mungu amemwonyesha dawa katika ndoto. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Watu walikuja kwa maelfu, magari yakapanga mstari wa kilometa nyingi. Wagonjwa wengine waliacha hospitali, wakafia njiani. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Tofauti ni nini? Hadithi ya Khambageu husimuliwa mbele ya wazee wenzi. Msimulizi akikosea, husahihishwa. Habari ya kikombe ilipita kwa watu wasiojuana, na wengi hawakuuliza.

Ndugu zangu, kazi hiyo ya kuuliza ndiyo yetu. Sisi hatupokei barua isiyo na jina wala tarehe. Basi mwendapo likizo, keti na mzee wako, andika asemayo, jina lake na siku yake, kisha umsomee asahihishe. Barua ikipotea ofisini hutafutwa nakala. Mzee akifa, nakala hana.

Nimekoma hapo.