Umeme katika Boti Ndogo: Betri Hushtakiwa, Kiungo Ndicho Mkosaji

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye boti za kutembeza wageni.)



Katika majalada ya vyama vya pwani vyenye boti za kutembeza wageni, hati ya malipo ya kununua betri ni jambo la kawaida. Hati moja kwa miaka miwili au mitatu haina wa kuiuliza. Lakini ziko boti ambazo katika mwaka mmoja zimenunuliwa betri tatu, na kila mara sababu iliyoandikwa ni ile ile: "betri imekufa." Kamati hupitisha, mweka hazina hulipa, na betri iliyotolewa hupewa mtu akaendeshe redio nyumbani kwake. Ajabu ni kwamba huko nyumbani redio hulia miezi mingi. Jambo hilo peke yake lingetosha kuitia kamati shaka.

Hasara ya fedha, hata hivyo, ndiyo ndogo. Ichukuliwe boti ya fibaglasi yenye urefu wa mita 7 na mashine ya nguvu za farasi 40 inayowashwa kwa ufunguo. Imewapeleka wageni kutazama matumbawe, na jua linakaribia kutua. Maji yanapwa na mwamba hauko mbali nyuma ya chombo. Nahodha anazungusha ufunguo. Mashine inatoa sauti moja tu, "tak", kisha kimya. Anajaribu taa: zinawaka vizuri. Betri ni mpya, ina mwezi mmoja tu. Baharia mmoja anasema kwamba betri za siku hizi ni za ovyo, na hapo ndipo hati ya nne ya malipo inapoanza kuandikwa kichwani.

Kwa nini taa ziwake na mashine ikatae? Jibu limo katika kanuni iliyotangazwa na Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, nayo ni hesabu ya kuzidisha tu. Umeme ukipita mahali penye ukinzani hupoteza nguvu, na kiasi kinachopotea ni ampea mara ukinzani. Kiungo cha waya kilichoingia kutu chaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.05, kiasi kidogo sana. Taa inayotumia ampea 2 itapoteza hapo volti 0.1, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Lakini stata ya mashine hiyo yahitaji ampea mia moja au zaidi. Mia moja mara 0.05 ni volti 5. Katika volti 12 za betri, tano zinadaiwa na kiungo kimoja kibovu kabla stata haijapata chochote. Stata hupiga "tak" na kunyamaza. Betri mpya haiwezi kuliondoa deni hilo. Mara nyingi, lakini, fundi anapobadilisha betri hulegeza na kukaza vile vibano, na kule kukwaruza kidogo huondoa sehemu ya kutu. Mashine huwaka, na betri mpya husifiwa kwa kazi iliyofanywa na spana.

Kiungo kinachokosea aghalabu ni cha waya mweusi, yaani upande wa hasi. Waya mwekundu huogopwa na kutunzwa. Mweusi hudharauliwa, hufungwa popote, na mara nyingi hupita chini karibu na ngama ambako maji ya chumvi hayakauki. Ikumbukwe kwamba umeme huenda na kurudi. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, njia ya kwenda haisaidii kitu.

Sasa yafaa kueleza upimaji. Chama hakihitaji fundi wa mjini kwa kazi hii. Chahitaji mita ndogo ya kupimia volti, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya betri. Kwanza yaangaliwe mambo ya bure: swichi kuu ya betri imefunguliwa? Gia iko katikati? Mashine nyingi hazikubali kuwashwa gia ikiwa imeingizwa, na hapo hata "tak" haisikiki. Ile kamba ya usalama ya nahodha imechomekwa mahali pake? Ikiwa haimo, stata huzunguka lakini mashine haishiki moto. Safari ngapi zimeahirishwa kwa sababu ya kamba hiyo!

Baada ya hapo betri ipimwe ikiwa imetulia saa kadhaa bila kutumika wala kuchajiwa. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikiwa imejaa huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki takriban nusu, na ikishuka hadi 11.8 imekwisha. Kipimo hiki, lakini, hakitoshi. Betri dhaifu iliyopumzika yaweza kudanganya, kama mgonjwa anayesema hajambo akiwa amelala. Hapana budi ipimwe ikiwa kazini: mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine ashike sindano za mita juu ya vichwa vya risasi vya betri yenyewe, si juu ya vibano. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ni tupu au ni mbovu. Ichajiwe hadi ijae, kisha ipimwe tena kabla ya hukumu kutolewa. Lakini zikibaki 11 au zaidi na mashine isigeuke, betri haina hatia.

Hapo mkosaji atafutwe njiani. Sindano moja iwekwe juu ya kichwa cha risasi, nyingine juu ya kibano kinachokishika kichwa hicho hicho, na ufunguo uzungushwe. Kati ya vyuma viwili vinavyogusana hapapaswi kuonekana kitu, au sehemu chache za kumi za volti. Mita ikionyesha volti moja au mbili, mwizi amekamatwa. Ikionyesha sifuri, mpimaji asogee kiungo cha pili, kisha cha tatu, hadi kwenye stata. Kisha arudi kwa njia ya waya mweusi. Kazi yote haimalizi nusu saa.

Kiungo kikipatikana kifunguliwe, kisuguliwe hadi chuma king'ae, kikazwe barabara, kisha ndipo kipakwe grisi juu yake. Wako wanaopaka grisi kwanza na kukaza baadaye juu ya kutu ile ile. Huko ni kuufunika uchafu. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na magadi, ambayo huua ukali wa asidi, ila maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kwanza ufunguliwe waya wa hasi, na wakati wa kurudisha huo ndio ufungwe mwisho, ili spana ikigusa chuma kingine isitoe cheche. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Kisanduku cha betri kiachwe wazi kwa muda kabla ya kazi kuanza, na sigara ikae mbali. Kamwe betri isifunguliwe mashine ikiwa inaunguruma, kwani volti hupanda ghafla na kuunguza vifaa vya kuchajia.

Waya za nyumbani zenye uzi mmoja mnene hazifai botini. Mtikisiko wa mashine huzivunja ndani ya ngozi yake, na kwa nje hazionyeshi dalili yoyote. Zitumike waya zenye nyuzi nyingi, na zilizopakwa bati zikipatikana. Kuhusu fyuzi, neno ni moja: kila njia ya vifaa iwe na fyuzi yake karibu na betri, na fyuzi ikikatika sababu itafutwe. Msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuuhamishia moto kwenye waya, katika chombo chenye petroli.

Ziko pia boti ambazo betri yake huishiwa kweli, bila kiungo chochote kuwa kibovu. Hapa makatibu hawahitaji kufundishwa, maana ni hesabu ya kuweka na kutoa. Betri ya ampea-saa 70 haifai kutolewa zaidi ya nusu, yaani 35. Taa ya nanga ya wati 10 ikiwaka saa 12 hutoa 10. Pampu ya ngama inayotumia ampea 3, ikifanya kazi saa mbili, hutoa 6. Muziki wa wageni wa ampea 5 kwa saa tano hutoa 25. Jumla ni 41, nayo imepita kiasi. Nusu saa ya mwendo, mashine ikirudisha ampea 6, huweka 3 tu. Mwenye akiba ya namna hiyo afilisike lini kama si wiki ile ile? Taa za mtindo wa LED hupunguza sana matumizi, na bamba la nguvu za jua la wati 50, likipata saa tano za jua kali na kifaa chake cha kudhibiti chaji, hurudisha ampea-saa 15 hivi kwa siku. Muziki ni kazi ya nahodha kuuzima.

Betri ikipungua boti ikiwa imelala bila mtu, vifaa vyote vizimwe, waya mmoja ufunguliwe, na taa ndogo ya kupimia iwekwe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Ikiwaka, kipo kinachokunywa usiku. Fyuzi zitolewe moja moja hadi taa izimike. Mara nyingi huwa ni swichi ya pampu iliyokwama. Na betri isiachwe tupu majuma mengi boti inapopandishwa pwani wakati wa kusi. Chumvi ya risasi hugandamana kwenye mabamba yake na chaji haiingii tena. Ichajiwe kila mwezi hata kama boti haishuki majini.

Nahodha aliyekwama jioni ile ana njia bado. Mashine nyingi za ukubwa huo, hasa za mtindo wa zamani, hujitengenezea cheche zenyewe bila betri, na zina mahali pa kuzungushia kamba ya kuvutia chini ya kifuniko. Kamba hiyo iwemo botini, na kila nahodha awe ameijaribu mchana gatini. Mashine mpya zenye kompyuta ndani, nyingi haziwaki bila betri; mwenye mashine ya namna hiyo achukue betri ya pili. Iwemo pia tochi yenye mwanga mkali, kwani kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini, boti ya mashine ikiwa safarini usiku yapaswa kuonyesha taa, na taa za boti hutegemea betri ile ile.

Kwa upande wa ofisi, inafaa kila boti iwe na ukurasa wake katika daftari la mali: tarehe betri iliponunuliwa, volti zake kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi, na viungo vilivyosafishwa. Ombi la betri mpya liletwe mbele ya kamati pamoja na vipimo viwili, cha kupumzika na cha kuzungusha ufunguo. Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi wa vyuma chakavu kwa risiti, kwa kuwa risasi yake ina bei, na asidi yake ikimwagwa ufukweni hudhuru watu na samaki.