Jumba la Matignon: Kutoka kwa Makabaila hadi kwa Waziri Mkuu

Anayepita namba 57, mtaa wa Varenne, jijini Paris, huona lango kubwa na askari wanaolilinda, basi. Nyuma ya lango hilo ndiko anakofanyia kazi Waziri Mkuu wa Ufaransa. Mtu anaweza kudhani kwamba Mapinduzi ya 1789 ndiyo yaliyowapokonya makabaila jumba hili na kulikabidhi taifa. Sivyo ilivyokuwa. Lilifika serikalini kwa njia ndefu zaidi, ya gharama kubwa, ndoa, wasia na vita, na mhadhara huu unaifuata njia hiyo.

Ujenzi ulianza 1722. Christian-Louis de Montmorency-Luxembourg, mtu wa ukoo mkubwa, alimpa kazi msanifu majengo Jean Courtonne. Gharama zikamwelemea, na mwaka 1723, nyumba ikiwa haijakamilika, akamuuzia Jacques de Matignon. Mtoto wa Matignon alikuwa amemwoa Louise-Hippolyte Grimaldi, mrithi wa Monaco, na kwa ndoa hiyo jumba likaangukia mikononi mwa watawala wa Monaco.

Courtonne alikuwa na kazi ngumu. Kwa desturi ya wakubwa wa wakati ule, nyumba ilikaa kati ya ua wa mbele, ambako magari ya farasi yaliingilia, na bustani ya nyuma. Lakini kiwanja hiki kilikuwa kipana zaidi upande wa bustani, kwa hiyo katikati ya ua hapakulingana na katikati ya bustani. Courtonne akazipa pande mbili za nyumba vitovu tofauti, na tofauti hiyo akaifichia ndani, katika mpangilio wa vyumba. Mgeni anayeingia kwa mlango wa mbele huuona umekaa katikati barabara. Akitokea bustanini huona vivyo hivyo, wala hashtuki kwamba njiani amesogezwa pembeni. Ni kazi ya akili nyingi mno, na inastahili kusifiwa kuliko dhahabu yote iliyopakwa kutani.

Mwaka 1808 Talleyrand, mwanadiplomasia hodari wa enzi ya Napoleon, alilinunua na kulifanya mahali pa karamu za kisiasa, mpishi Antonin Carême akiwa katika utumishi wake. Miaka mitatu baadaye likawa la Napoleon mwenyewe.

Mwaka 1852 alilinunua tajiri wa Genoa, Duke wa Galliera. Mjane wake aliwakaribisha humo jamaa wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Mei 1886, Amélie, binti wa mtu aliyedai kiti cha ufalme, alikuwa anakwenda kuolewa na mrithi wa Ureno, na sherehe kubwa ikafanyika jumbani. Wanajamhuri waliiona sherehe hiyo kama ufalme unaojitangaza upya. Mwezi uliofuata sheria ikawafukuza nchini wakuu wa koo zilizowahi kutawala. Mjane huyo, Duchess wa Galliera, alipofariki 1888, jumba alimwachia Mfalme Mkuu wa Austria, likawa ubalozi hadi vita vya 1914. Ufaransa ililichukua vita vilipokwisha, ikawa mmiliki wake mwaka 1922.

Hata hapo, mkuu wa serikali hakuwa na ofisi yake. Alishika pia wizara fulani na kufanyia kazi humo. Pierre-Étienne Flandin, mkuu wa serikali wakati huo, ndiye aliyehamia Matignon mwaka 1935.

Mwaka uliofuata vyumba vya makabaila vilipokea wageni wa namna nyingine kabisa. Wafanyakazi karibu milioni mbili walikuwa wamegoma, wengi wakiwa wamevikalia viwanda vyao. Usiku wa Juni 7, 1936, Léon Blum, mkuu mpya wa serikali, aliwaketisha viongozi wa vyama vya wafanyakazi mbele ya waajiri. Walitia saini nyongeza ya mishahara ya asilimia 7 hadi 15 na haki ya kujiunga na chama. Kabla ya mwezi kwisha, sheria zikaleta likizo ya majuma mawili yenye malipo na juma la kazi la saa 40. Katika historia yote ya jumba hili, hakuna usiku uliowafaa watu wengi kuliko huo.

Kwa kawaida wananchi huruhusiwa kuingia Septemba, katika siku za urithi wa taifa. Siku hizo ni chache mno kwa nyumba ya umma, na serikali ingefanya vyema kuziongeza.